Mto Umejaa Maji ya Theluji na Trauti Hawali: Tafuta Chanzo Kabla ya Kubadilisha Chambo

Katika milima ya Rocky huko Marekani, theluji ya majira ya baridi huanza kumiminika mitoni mwishoni mwa Aprili au mapema Mei. Kwa kawaida maji hufikia kilele kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni, na mwaka wenye theluji nyingi mito haitulii hadi Julai. Hizo ndizo wiki ambazo wavuvi wengi wa nzi bandia (chambo cha manyoya na uzi kinachoiga wadudu) huweka vifaa kando na kusubiri. Wanaobaki mtoni, wakikaa saa mbili bila kuguswa na samaki, hufungua kisanduku cha chambo na kuanza kujaribu kimoja baada ya kingine.

Mara nyingi kosa haliko kisandukuni. Trauti, samaki wa maji baridi, haachi kula kwa sababu mto umefurika. Anachofanya ni kuhama. Mkondo wa katikati ukiwa na nguvu kiasi kwamba kuukabili kunamgharimu zaidi ya chakula anachopata, anajisogeza kando, kwenye maji ya pole, na kula yanayomfikia hapo. Kwa hiyo maswali yana mpangilio wake: yuko wapi, chambo kinamfikia alipo, anaweza kukiona, na mwisho kabisa, ni chambo gani. Ukianza na la mwisho utamaliza siku nzima ukifunga mafundo.

Vipimo vitatu vya kuanzia

Pima kwanza uwazi wa maji. Funga chambo cheupe, kizamishe polepole kando ya ukingo palipotulia, uone kinapotelea kwenye kina gani. Kikipotea kabla ya sentimita 15, tafuta maji mengine. Kuanzia sentimita 30 unaweza kuvua kingo kwa matumaini. Ukifika sentimita 60 na maji yana ukijani, baki hapo hapo, maana kwa maoni yangu hayo ni maji bora kuliko hata yale angavu ya kiangazi: trauti mkubwa anaona vya kutosha kula, lakini hakuoni wewe.

Pili, joto. Shikilia kipimajoto ndani ya maji dakika mbili, si kwa kuchovya tu.

Tatu, mwelekeo. Mto unapanda au unashuka? Chomeka kijiti mchangani pale maji yanapoishia, urudi kukitazama baada ya nusu saa. Marekani kuna msaada mkubwa zaidi: vituo vya kupima mito vya USGS, idara ya serikali ya jiolojia, ambavyo vingi hutuma takwimu kila dakika 15. Kituo chao cha kwanza kilianzishwa mwaka 1889 huko Embudo, New Mexico, kwenye mto Rio Grande. Takwimu hutolewa kwa futi za ujazo kwa sekunde. Futi 1,000 ni kama mita za ujazo 28. Ila usiishie kwenye namba. Mto wenye kiasi kile kile cha maji ni vitu viwili tofauti ukiwa unapanda na ukiwa unashuka. Unapopanda unazoa matope, majani na vijiti vya kingo zilizokuwa kavu jana. Unapotulia au kushuka, vitu hivyo vinaanza kutua chini na samaki wanarudi kula kwa utaratibu.

Dalili: maji yana rangi ya chai ya maziwa

Theluji yenyewe ni maji safi. Uchafu unatoka kwenye udongo ambao maji yanaupitia, na ndiyo sababu mito miwili ya jirani inaweza kuwa na hali tofauti siku moja. Ndani ya hifadhi ya Yellowstone, mto Lamar unapita kwenye kingo za udongo laini. Huchafuka upesi na huwa miongoni mwa mito ya mwisho kusafika. Firehole, katika hifadhi hiyo hiyo, unapokea maji ya chemchemi za moto na mapema Juni huwa tayari kuvuliwa wakati mingine mingi ni tope. Ukija Julai utakuta mambo yamegeuka: Firehole umekuwa wa moto mno kwa trauti, na Lamar ndio unaanza kupendeza.

Basi ukikuta tope, usiulize tu tope hili litaisha lini. Uliza linaingilia wapi. Panda na mto hadi makutano ya kijito cha kwanza, utazame. Mara nyingi kijito kimoja ndicho kinachochafua mto wote ulio chini yake, na juu ya makutano maji yanavulika. Au kinyume chake: kijito kinaleta maji safi, na kuna mstari mrefu chini ya makutano ambako maji hayo hutembea kando ya ukingo mmoja bila kuchanganyika haraka na yale machafu. Trauti hujipanga kwenye mstari huo.

Rangi ya kijivu yenye weupe ni jambo jingine. Hiyo ni unga wa mawe uliosagwa na barafu ya kudumu ya mlimani, na hautaondoka theluji itakapokwisha. Kwenye mito ya namna hiyo huzidi kadiri jua la kiangazi linavyokuwa kali.

Kama huna pa kwenda ila hapo hapo, vua ukingo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaingia majini hadi magotini na kurusha kuelekea katikati, ilhali samaki walikuwa kwenye ile mita moja waliyoikanyaga wakiingia. Simama nchi kavu, hatua mbili nyuma ya ukingo, na uvue kwanza maji yaliyo miguuni pako.

Tazama povu. Chagua jiwe kubwa au mzizi wa mti uliofunikwa na maji karibu na ukingo, uangalie nyuma yake. Mkondo unapita kwa kishindo, lakini pale nyuma kuna kipande cha maji, pengine upana wa mkono mmoja, ambapo povu linazunguka taratibu na jani kavu linarudi kinyumenyume kuelekea mkondo unakotoka, linasita, kisha linavutwa tena. Jani likisita, na chambo chako kitasita hapo hapo. Kirushe pale linaposita, siyo katikati ya mzunguko. Nyasi za ukingo zilizozama nazo zinastahili kuvuliwa, maana maji yaliyopanda yanazoa minyoo udongoni, na trauti hupanga foleni kando ya nyasi hizo kuipokea.

Kwa maji ya namna hii chambo kiwe kikubwa na cheusi, cha rangi ya zambarau iliyokoza, au cha mnyoo mwekundu. Kivuli cheusi kinaonekana vizuri zaidi kikitazamwa kutoka chini dhidi ya mwanga wa juu. Chambo cha kisamaki chenye manyoya mengi husukuma maji, na trauti huhisi mtikisiko huo kwa mstari wa hisia ulio ubavuni mwake kabla hajakiona. Kivute polepole. Kikienda mbio, atakihisi lakini hatakifikia.

Dalili: asubuhi walikula, alasiri wakakata kabisa

Jua huyeyusha theluji mchana, na maji hayo yanahitaji muda kusafiri. Kijito cha juu kabisa hujaa alasiri na jioni, halafu hupungua hadi asubuhi. Mto mkubwa ulio mbali na vilele hupata wimbi lile lile saa nyingi baadaye, pengine usiku wa manane, pengine kesho yake asubuhi. Ndiyo maana ushauri wa "vua asubuhi" ni sahihi mahali pamoja na ni makosa kilomita 60 chini yake.

Grafu ya kituo inaonyesha mawimbi haya wazi, kilele kimoja na bonde moja kila siku. Angalia siku tatu zilizopita, uone bonde linaangukia saa ngapi, ukafike mtoni karibu na saa hiyo. Pasipo kituo, tazama kingo: mchanga na mawe yenye unyevu juu ya usawa wa maji maana yake mto unashuka, majani makavu na magome yanayoelea kwa wingi maana yake unapanda, na saa yako inakwisha.

Usiku wa baridi kali milimani ni habari njema. Theluji inaganda, mto unashuka na kusafika, na unaweza kupata siku moja au mbili nzuri katikati ya msimu mbaya. Mvua ya joto juu ya theluji ndiyo ya kuogopwa. Hiyo hupandisha mto kwa ghafla kuliko jua lenyewe.

Dalili: maji ni safi ya kutosha, kingo ni nzuri, bado hakuna kitu

Toa kipimajoto. Maji ya theluji mara nyingi huwa nyuzi 4 hadi 7 za Selsiasi, na trauti hula kwa hamu zaidi yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16. Chini ya nyuzi 5 mwili wake umepoa na mmeng'enyo umepungua. Hatakimbilia kitu kilicho mita moja kutoka mdomoni mwake. Yupo, ila chakula lazima kimfikie.

Dawa yake ni subira. Pitisha chambo njia ile ile mara kumi, kwa kina kile kile, kabla ya kusogea hatua moja. Tafuta ukingo unaopigwa na jua, hasa wenye mawe meusi na maji ya kina kifupi, kwa kuwa huko joto hupanda mapema. Na hapa kuna mvutano ambao lazima uuamue mwenyewe: maji ya asubuhi ni safi lakini baridi, ya alasiri yamepata joto lakini yanaanza kuchafuka. Kwenye vijito vya juu, dirisha langu ni kuanzia saa nne asubuhi hadi wimbi la alasiri litakapofika. Nisingeamka alfajiri kwa ajili ya maji ya nyuzi 4.

Dalili: chambo kinapita lakini hakigusi chini kamwe

Hili ndilo tatizo linalopoteza samaki wengi kuliko mengine yote ya msimu huu, na si rahisi kuligundua kwa sababu kila kitu kinaonekana sawa kutoka juu. Boya linaelea, mshipi umenyooka, chambo kinasafiri. Kumbe kinasafiri nusu mita juu ya vichwa vya samaki.

Maji ya chini ya mto hukwama kwenye mawe na kwenda polepole kuliko ya juu. Boya likiwa juu linabebwa na kasi ya juu, na linaburuta chambo kilicho chini kwa kasi isiyo ya asili. Kipimo chake ni hiki: linganisha boya na mapovu yaliyo kando yake. Boya likienda sawa na mapovu au kuyapita, chambo hakijafika. Likienda polepole kidogo kuliko mapovu, limeshikwa na maji ya chini. Hapo ndipo unapotaka.

Ongeza chubwi (kizito kidogo cha kuzamisha chambo) kabla ya kubadilisha chambo. Ongeza moja, pitisha mara tatu, ongeza nyingine, hadi uguse chini mara moja moja. Baada ya hapo sogeza boya, umbali wake hadi chambo uwe kama mara moja na nusu ya kina cha maji. Halafu punguza mshipi ulio juu ya maji: sogea karibu, inua ufito wa kuvulia, mkondo ushike uzi mwembamba tu. Maji yakiwa na tope unaweza kusimama umbali wa urefu wa ufito mmoja na samaki asishtuke. Mshipi ukilazimika kulala juu ya mkondo wa kasi, uinue na kuugeuza kuelekea mkondo unakotoka mara tu unapotua, kabla haujajenga tumbo.

Ukinasa chini kila mara, umepita kiasi, au umechagua mahali palipojaa matawi yaliyoletwa na maji. Ondoa chubwi moja. Kunasa mara moja katika mipitisho sita au saba hakunisumbui hata kidogo.

Dalili: wanadonoa lakini hawashiki

Kwanza jaribu ncha ya ndoana kwenye ukucha. Ikiteleza bila kukwaruza, imegota kwenye mawe. Inoe au uibadilishe. Ncha ikiwa kali, basi unachelewa: katika maji baridi boya halizami, linasita tu. Inua ufito kwa kila kusita.

Dalili: uzi unakatika samaki akiingia mkondoni

Hakuna haja ya uzi mwembamba katika maji yasiyo na uwazi. Nyuzi za 0X hadi 3X, yaani kipenyo cha takriban milimita 0.28 hadi 0.20, ndizo za msimu huu. Lakini uzi mnene hautoshi ukimruhusu samaki afike katikati, kwa sababu hapo unapambana na mto wote pamoja naye. Lalisha ufito ubavuni, mvute kuelekea ukingo tangu sekunde ya kwanza, na utembee naye kwenda chini badala ya kumrudisha juu. Mwisho wake mwongoze kwenye kipande cha maji yaliyotulia ulichokichagua kabla ya kurusha. Kama hujakiona kipande hicho, usirushe hapo.

Dalili: wadudu wamejaa hewani, hakuna samaki anayekuja juu

Kwenye mito kama Madison na Big Hole huko Montana, Juni ni wakati wa Pteronarcys californica, mdudu mkubwa wa majini anayeweza kufika sentimita 5. Wavuvi husafiri mbali kumfuata, wakiwa na picha ya trauti wakiruka juu ya maji. Wakikuta vichaka vimejaa wadudu na mto kimya, wanadhani wamechelewa.

Mdudu huyu hatokei katikati ya mto. Buu lake linatambaa chini hadi ukingoni, linapanda jiwe au shina, ndipo linapasua ngozi na kutoka likiwa na mabawa. Kwa hiyo samaki wameshiba mabuu kando ya ukingo, chini ya miguu yako. Tazama mawe: maganda matupu yenye unyevu yanaonyesha wametoka usiku uliopita. Vua buu kubwa jeusi, kina kifupi, karibu kabisa na mawe hayo. Chambo kinachoelea juu ya maji kipe nafasi yake alasiri yenye joto na upepo, majike wanaporudi kutaga na kuangukia majini.

Dalili: umekimbilia mto ulio chini ya bwawa, na huko nako kumebadilika

Mito iliyo chini ya mabwawa, kama Bighorn chini ya Yellowtail, Missouri chini ya Holter au San Juan chini ya Navajo, ni kimbilio zuri kwa kuwa tope hutua bwawani. Lakini usidhani maji yake hayapandi. Bwawa likijaa, wasimamizi hufungulia, na chini ya Flaming Gorge kwenye mto Green maji huachiwa kwa makusudi majira hayo ili kusaidia samaki wa asili walio hatarini kutoweka. Soma ratiba ya kufungulia maji kabla ya safari. Siku ambayo maji yamepandishwa, samaki huvurugika kwa saa kadhaa. Kesho yake wamepata makao mapya kandoni na mara nyingi wanakula vizuri, kwa sababu maji yamewang'olea mabuu na minyoo.

Dalili: miguu inasukumwa

Nguvu ya maji huongezeka kwa mraba wa kasi yake: kasi ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Mahali ulipovuka Agosti pasikudanganye. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na yenye tope hayakuonyeshi hata chini. Usivuke mto wa theluji ambao maji yake yanapita magoti kwa kasi, funga mkanda wa suruali ya kuzuia maji, shika fimbo ya kuegemea, na usiende peke yako. Ukianguka, lala chali, miguu ielekee mkondo unakokwenda, wala usijaribu kusimama hadi ufike maji ya pole. Mti ulioanguka kukatiza mkondo ni hatari kuliko mwamba, kwa kuwa maji hupita katikati ya matawi na mtu hapiti.

Dalili: samaki unawaona wazi juu ya kokoto, lakini hawataki chochote

Waache. Trauti wa upinde wa mvua na yule mwenye alama nyekundu kooni hutaga majira haya. Kipande cha kokoto safi, chenye rangi nyepesi kuliko mawe yanayokizunguka, ni kiota chenye mayai. Kukikanyaga ni kuua kizazi. Zunguka kwa ukingoni. Wale walio mita kadhaa chini yake, kwenye kina, wanakula, na hao ni halali kuwavua.

Dalili: mto umeanza kushuka, na kingo zilizokupa samaki wiki nzima zimekufa

Wamerudi nje. Kadiri mkondo unavyopoteza nguvu, trauti anafuata chakula kuelekea katikati, hatua kwa hatua, na kituo chake cha kwanza ni mpaka kati ya maji ya kasi na maji ya pole, pale ambapo uso wa mto unaonyesha mkunjo. Anza kuvua mita moja nje ya ukingo, kisha mbili, kisha tatu, ukipunguza chubwi kwa kila hatua. Joto la maji likivuka nyuzi 10 huku uwazi ukipita sentimita 60, rudisha uzi mwembamba zaidi wa 4X na chambo vidogo, na usimame mbali zaidi, maana sasa anakuona.